Likizo ya baridi: tiketi tumekata, wazee tumewaachia nani?

Maskati mwezi wa Disemba ni mji mwengine kabisa. Joto lile la Juni linalopita digrii 40 limekwenda zake. Asubuhi watu wanatoka na shali, jioni ufuo wa Qurum umejaa watoto na mipira, na viyoyozi vimepumzika baada ya miezi ya kuunguruma mchana na usiku. Hii ndiyo hali ya hewa tuliyoingojea mwaka mzima. Na huu ndio wakati tunaofunga mabegi tukaondoka.

Nenda uwanja wa ndege wiki ya tatu ya Disemba utaona nusu ya ukoo wako kwenye foleni. Huyu anakwenda Tbilisi kuwaonesha watoto theluji. Yule Istanbul. Ami na wanawe London, khalati Kuala Lumpur, na wengine wengi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Hakuna aliyefanya kosa. Watu wamefanya kazi mwaka mzima, pesa ni zao, na kutembea duniani ni jambo zuri.

Lakini Ijumaa inafika. Chakula cha mchana cha Ijumaa kwa bibi, pale Al Khuwair au Al Khoudh au Mabela, ambapo siku zote masinia matatu hayatoshi na viatu mlangoni havihesabiki, siku hiyo kuna sinia moja, nalo halimaliziki. Amekaa bibi, na dada wa kazi, na simu imeegemezwa kwenye kikopo cha tishu ili bibi aone picha za wajukuu. Bibi anasema mashallah, anasema wamependeza, anasema wavae nguo nzito. Halafu simu inakatwa, maana huko wanataka kuwahi kupanda gari la kwenda mlimani.

Sisi hapa hatusemi watu wasisafiri. Tunachouliza ni kwa nini tunasafiri sote kwa pamoja na bado kila mmoja peke yake, na kwa nini jambo hili halizungumzwi nyumbani mpaka tiketi zishakatwa.

Kalenda ambayo haitungoji

Tuanze na lililo wazi. Likizo zetu za baridi zimekatika vipande vipande. Siku ya Taifa, ambayo tangu 2025 inasherehekewa tarehe 20 na 21 Novemba, inatupa mapumziko mafupi. Skuli za kimataifa zinafunga katikati ya Disemba mpaka baada ya mwaka mpya. Skuli za serikali zinafunga baada ya mitihani ya muhula wa kwanza, mwezi wa Januari. Katikati inaingia tarehe 11 Januari, siku aliyoshika madaraka Sultan Haitham bin Tariq mwaka 2020, nayo ni mapumziko.

Maana yake ni kwamba watoto wa ndugu wawili, mmoja anasoma skuli ya serikali na mwengine ya kimataifa, wanaweza kumaliza msimu mzima wa baridi bila ya kukaa pamoja siku mbili. Huyu akirudi, yule anaondoka. Zamani tukisema familia imetengana kwa sababu ya bahari. Leo imetengana kwa ratiba ya skuli, nayo imo ndani ya mji mmoja, dakika ishirini kwa gari.

Na kuna kalenda nyengine inayotembea. Mwezi wa Ramadhani unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 umeangukia Februari. Mwaka 2028 unatarajiwa kuingia mwisho wa Januari, na mwaka 2030 hesabu zinaonesha tutafunga mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Kwa hiyo likizo ya baridi kama tunavyoijua sasa, ya kula na kutembea mchana, imebakiza miaka michache tu kabla ya kugeuka kuwa mwezi wa kufunga. Wenye watoto wadogo na wazee wakubwa wafanye hesabu hiyo vizuri. Bibi mwenye miaka 80 leo, safari gani tunamwekea akiba?

Kaskazi ilikuwa na adabu zake

Kuondoka Maskati wakati wa baridi sisi hatukukuanza. Wazee wetu wameondoka msimu huu huu kwa karne nyingi. Kaskazi ikianza kuvuma Disemba, majahazi ya Sur, Matrah na Sohar yanatweka tanga na kuteremka Mombasa, Lamu na Unguja, yamebeba tende, chumvi na papa mkavu. Mtu akishaondoka hakuna kugeuza njia. Atangoje kusi ishike, mwezi wa nne na kuendelea, ndipo imrejeshe na boriti za mikoko na karafuu. Pale Sur lipo mpaka leo jahazi la Fath al-Khair, lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, limewekwa watu walione. Mpeleke mtoto akalitazame, halafu umwambie kwamba babu yake alikuwa akipanda chombo kama hicho na mkewe hapati habari yake mpaka msimu ugeuke.

Kwa sababu safari ilikuwa nzito namna hiyo, ilikuwa na adabu zake. Mtu hasafiri bila ya kuaga. Anapita nyumba kwa nyumba, anataka radhi, analipa deni lake au analiandikisha, anamkabidhi ndugu au jirani watu wake kwa jina: "Mama yangu mtazame, na watoto usiwaache." Aliyebaki anajua amebaki kwa ajili gani. Amepewa amana.

Sasa tazama tunavyoondoka sisi. Safari ya Unguja, ambayo ilikuwa ya wiki kadhaa baharini, ni saa tano na kitu kwa ndege. Kwa sababu imekuwa nyepesi, tumeacha kuaga. Shangazi anajua mmesafiri kwa kuona picha kwenye simu ya binti yake. Mjomba anapiga mlango Jumatano jioni anakuta taa zimezimwa na gari imefunikwa turubai. Ukiulizwa unajibu: "Aa, siku kumi tu, tunarudi." Kweli ni siku kumi. Lakini kuaga hakukuwa kwa ajili ya urefu wa safari peke yake. Kulikuwa ni kumwambia mtu kwamba kuondoka kwako yeye kunamhusu.

Waliokaa baridi ya ugenini bila ya kupenda

Inafaa tukumbuke pia kwamba katika watu wetu wapo waliokaa mbali na jamaa zao majira ya baridi bila ya kuwa na hiari.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844 na akaondoka mwaka 1866. Alikwenda Aden, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya barafu ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja. Aliporudi Unguja mwaka 1885, miaka 19 baadaye, kaka yake Sayyid Barghash alikataa kumpokea. Mambo ya dini na siasa za wakati ule yalikuwamo ndani yake, na si kazi ya tahariri hii kuyaamua. Akafa Ujerumani mwaka 1924.

Karibu na zama zetu yuko Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultan wa mwisho wa Zanzibar. Aliondoka kwa mapinduzi ya Januari 1964, akapata hifadhi Uingereza, akakaa Southsea pale Portsmouth kwa zaidi ya miaka 50. Watoto wake walihamia Oman katika miaka ya 1980. Yeye hakuruhusiwa kuja kuishi mpaka Septemba 2020, na amefariki hapa Oman tarehe 30 Disemba 2024, akiwa na miaka 95. Hesabu baridi ngapi amezikaa kwenye mji wa upepo wa bahari ya Kiingereza na watoto wake wako upande huu wa dunia. Aliomba kurudi kwa watu wake kwa miaka mingi.

Na nyuma ya majina hayo makubwa ziko nyumba zetu wenyewe. Ni nani kati yetu hana mzee aliyetoka Unguja au Pemba mwaka 1964 na begi moja, akapitia Mombasa, Dubai, Cairo au Kuwait, akaingia Oman baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi? Hao walitengana na mama zao na ndugu zao miaka kumi, wengine ishirini, wengine mpaka kaburini. Barua ikichukua miezi. Hao ndio hasa tunaowaacha leo na simu kwenye kikopo cha tishu. Wameshakaa peke yao vya kutosha.

Tunakwenda kwetu kama watalii

Sasa tuwageukie wale wanaokwenda Zanzibar, maana watasema: "Sisi tunakwenda kwa jamaa, tahariri hii haituhusu." Inawahusu.

Disemba ni wakati mzuri wa kwenda. Skuli za huko zimefungwa, watoto wa ndugu wako nyumbani. Maembe yameiva, shokishoki na doriani zinaingia sokoni. Tofauti ya saa ni moja tu. Lakini tukiulizana kwa haki, watoto wetu wangapi wakirudi kutoka Zanzibar wanaweza kutaja majina ya binamu zao wa Ng'ambo, au wa Wete? Wanajua jina la hoteli ya Nungwi. Wanajua Kendwa na Paje. Kwa jamaa tumepita jioni moja, njiani tunakwenda uwanja wa ndege, tumekaa saa moja na nusu, gari inatungoja nje, tumekunywa soda, tumeacha bahasha, tumepiga picha.

Zanzibar imepokea zaidi ya watalii 700,000 mwaka 2024. Jamaa zetu wameshazoea kuona wageni wakipita. Wanachosema kwa chini chini ni kwamba na sisi tumeingia kwenye hesabu hiyo.

Kwa upande wetu na sisi tuna malalamiko yetu, na tuyaseme yasibaki moyoni. Watu wanasema: ukifika tu maombi yanaanza. Huyu ada ya skuli, yule bati za paa, mwengine simu, mwengine anataka viza ya kuja kufanya kazi Oman. Unakwenda kupumzika unarudi umechoka, na waliokosa wamekununia. Nyumba hazina nafasi, maji yanakatika, watoto wamezoea kulala na baridi ya AC. Mke au mume asiyetoka upande huo anajiona mgeni. Haya yote ni kweli, na anayesema hayapo hajasafiri na watoto wanne.

Lakini malalamiko mengi ya namna hiyo yanatokana na uchache wa kuonana. Mtu ukimwona mara moja kwa miaka mitano, lazima aseme haja zake zote ndani ya saa moja na nusu, maana hajui atakuona lini tena. Na wewe usipomjua utamwona kama mkono ulionyooshwa tu. Hujui kwamba yeye ndiye aliyekwenda kusimama makaburini alipokufa babu yenu, na ndiye anayefagia kaburi mpaka leo. Ukilala pale siku tatu, ukala pweza na mhogo wa nazi kwenye mkeka mmoja, watoto wakacheza uwanjani mpaka magharibi, maombi yatakuwepo, lakini yatakuwa maneno ya ndugu kwa ndugu, na utaweza kusema "hilo naliweza, hili siliwezi" bila ya mtu kununa.

Lugha nayo imo humu. Watoto wengi wa Maskati wanakisikia Kiswahili kwa bibi tu, wanakijibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Siku tatu na binamu wasiojua Kiingereza vizuri zinafanya kazi ambayo wazazi hatukuifanya miaka mitatu.

Kuna na gharama ambazo wengi wanazikuta uwanjani. Tangu Oktoba 2024 Serikali ya Zanzibar inamtaka kila mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, yaani kama rial 17. Bima uliyoikata Maskati haikuvushi. Pasi iwe na miezi sita mbele. Na malaria Zanzibar imepungua sana lakini haijaisha, na mtoto aliyezaliwa na kukulia Maskati hana kinga nayo. Akirudi na homa, mwambie daktari mapema kwamba mlikuwa Afrika Mashariki. Watu huyajua haya siku ya safari, halafu ugomvi unaanzia kwenye foleni.

Januari ni mwezi mzito kwa wengine

Lipo jambo ambalo vijana wanalisahau. Unamwambia bibi: "Twende zetu sote Zanzibar, mwaka mpya tufungue huko." Bibi anasema miguu inamuuma. Unamwambia kuna kiti cha magurudumu. Anasema presha. Unamwambia daktari ameruhusu. Anasema: "Nyinyi nendeni."

Miguu inauma kweli, lakini wakati mwengine siyo miguu. Tarehe 12 Januari huko ni sikukuu ya Mapinduzi. Kuna wazee ambao kwao tarehe hiyo ni nyumba waliyoiacha na chungu jikoni, ni kaka aliyetoka asionekane tena. Kuna wengine wamekwenda mara nyingi na nyoyo zao zimetua, wanapita mbele ya nyumba yao ya zamani Mji Mkongwe wanacheka na waliomo. Na kuna wasioweza, na hawataki kukwambia kwa nini, maana hawataki kukuharibia likizo yako.

Mzee wa namna hiyo usimlazimishe, wala usimtanie mbele ya watu. Lakini pia usichukue "nyinyi nendeni" kama ruhusa ya kumwacha peke yake ndani ya wiki ambayo kumbukumbu zote zinarudi. Kama hawezi kwenda, mtu mmoja abaki naye. Akae amuulize. Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kusema.

Na dada wa kazi je?

Katika Ijumaa ile tuliyoitaja alikuwepo mtu wa pili kwenye sinia. Yeye pia ana mama. Yeye pia ana watoto, pengine Tanga, pengine Dodoma au Mombasa, amewaacha na bibi yao.

Familia inakwenda Zanzibar wiki mbili, na dada anatoka Tanga, ambako ukisimama Unguja ni ng'ambo ya maji. Anaambiwa abaki Maskati amtazame bibi. Hapewi siku, hapewi ziada, na kwa kuwa nyumba nzima imeondoka kazi imemzidi, maana sasa yeye ndiye muuguzi, ndiye mpishi, ndiye mlinzi, usiku na mchana. Akiumwa bibi saa tisa za usiku, ni yeye. Hata namba ya dharura hajaambiwa.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya wasichana wa Kitanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Emarati: pasi kushikwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kukatwa. Wengi wetu tuliisoma tukasema "siyo nyumba zetu hizo." Huenda siyo. Lakini sisi tunazungumza naye kwa lugha ya mama yake, tunakula chakula anachokijua, tunamwita dada. Udugu huo una gharama yake. Kama mnakwenda upande wa kwao, mchukueni, au mpeni na yeye likizo yake na tiketi, na pasi yake iwe mkononi mwake. Kama lazima abaki na mzee, alipwe siku hizo kwa hesabu nyengine, na awe na mtu wa kumpokea zamu. Mtu asiyelala siku kumi hawezi kumtazama mzee wako vizuri, hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Wanaosema tunazidisha

Wapo watakaosema: "Nyinyi mnawatia watu hatia. Mtu anafanya kazi miezi kumi na moja, anawahudumia wazee kila siku, hata siku kumi asipumue?" Hoja hiyo ina uzito. Mara nyingi mwenye kuchoka zaidi ni yule mtoto mmoja, na mara nyingi ni binti, ambaye mwaka mzima ndiye anayempeleka mama hospitali, anayejua dawa zake, anayepokea simu usiku. Huyo aende. Aende Tbilisi au Salzburg au popote, azime simu, alale. Tunasema kwa nguvu kabisa: huyo ndiye wa kwanza kustahiki tiketi. Na ili yeye aende, lazima ndugu wengine wabaki. Sasa hivi mambo yako kinyume: wote wanaondoka, na yeye, ama anabaki kwa sababu "wewe umeshamzoea mama", ama anaondoka na moyo wake umebaki Maskati.

Wengine watasema simu zipo, tunaongea kila siku. Simu ni neema kubwa. Lakini simu haimpi mzee maji, haimshiki mkono anapotoka bafuni. Na liko jambo zito zaidi, ambalo tukilikwepa tutakuwa hatujasema ukweli. Kwetu sisi maiti hangojeshwi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri au alasiri ameshazikwa. Kutoka London ni saa saba za ndege, ukipata nafasi siku hiyo, na wiki ya mwisho ya Disemba nafasi ni shida. Hutawahi. Ipo familia katika kila mtaa wetu inayolijua hilo. Hakuna anayeweza kujikinga na ajali ya namna hiyo kwa kutosafiri maisha yake yote, na wala hatuambii watu waishi kwa hofu. Tunachosema ni kwamba mzee asifikwe na saa hiyo na watoto wake wanane hakuna hata mmoja mjini.

Mambo yanayowezekana

Haya yote yanaweza kupangwa, na hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji mazungumzo ya jioni moja, mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mtu kugusa tovuti ya ndege.

Kwanza, zamu. Ndugu wakae chini waandike: mwaka huu nani anabaki Maskati, mwaka ujao nani. Anayebaki asionekane ameadhibiwa. Maskati ya Disemba ndiyo ambayo watalii wa Ulaya wanalipa kuja kuiona. Mchukueni bibi mkalale Jebel Akhdar usiku mmoja, mkaote moto. Mkampeleke Ibra, au Mudhairib, au kijiji alikotoka babu yake. Mchanga wa Sharqiya uko mwendo wa saa mbili na nusu tu, na mtoto hataulalamikia.

Pili, kuaga. Kila anayesafiri apite kwa wazee wake uso kwa uso, si kwa ujumbe. Aseme anakwenda wapi, anarudi lini, na amemkabidhi nani.

Tatu, karatasi moja mlangoni kwa mzee aliyebaki: dawa na saa zake, namba ya faili la hospitali, simu ya jirani, simu ya mtoto aliye zamu, na namba 9999 ya polisi na dharura. Dada wa kazi aelezwe namba hiyo na aweze kuutaja mtaa na nambari ya nyumba. Chanjo ya mafua wazee wapigwe kabla baridi haijaingia.

Nne, kwa wanaokwenda Afrika Mashariki: siku tatu za mwanzo ziwe za jamaa, hoteli baadaye. Ukizianzia hoteli, siku za jamaa hazifiki. Wenye watoto wanaosoma London au Malaysia na hawarudi baridi hii, wapangeni saa moja isiyobadilika. Saa mbili za usiku Maskati ni saa kumi za jioni London. Kijana ameshatoka darasani na bibi bado hajalala. Simu ya saa inayojulikana inangojewa, na mtu akingoja anajiona bado ana watu wake.

Tano, ile Ijumaa isivunjike. Hata wakibaki watu watatu mjini, wende kwa bibi wale pamoja. Na jirani ambaye watu wake wote wamesafiri aitwe. Maskati imejaa watu ambao jamaa zao wako mbali wakati huu: muuguzi wa Kikenya, mwalimu wa Kitanzania, mzee wa mtaa wa pili ambaye wanawe wako Ulaya. Sinia lile ambalo halikumalizika lina nafasi yao.

Msimu wa safari haujafika kileleni bado, na nyumba nyingi ziko katikati ya kupanga. Aliyekwisha kukata tiketi asiivunje. Ampigie ndugu yake leo amuulize jambo moja tu: tarehe hizo, nani yuko na mama? Kama jibu ni "nilidhani wewe", basi mkutano wa familia uitwe wiki hii.